Nilivyomwuzia mpenzi mwenzangu wa magari Datsun 240Z, na kwa nini bado nina hasira

Kumwuzia gari la kale mtu anayelipenda kwa dhati ni jambo nililokuwa nikimshauri kila aliyeniuliza, na pengine nitaendelea kulishauri hasira zikishanitoka. Kwa sasa hazijanitoka. Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya milango miwili, iliyofufuliwa hapa Nairobi kwa muda mrefu na kwa fedha ambazo mke wangu hajaambiwa zote. Ukubwa wa injini na kasi yake sitavieleza, kwa maana kila anayevitaka atavipata kwingine. Ninachotaka kueleza ni habari ya mnunuzi.

Kabla yake walikuja madalali, ambao sitawapotezea maneno, na bwana mmoja mwenye biashara ya magari ya harusi, aliyetaka kujua kama ningekubali lipakwe rangi nyeupe kwa gharama yangu. Ndipo akaja huyu. Kabla hata hajaketi aliweka kiganja juu ya boneti ili ahakikishe kwamba sikuwa nimeipasha injini moto, kwa sababu injini iliyochoka huficha maradhi yake ikiwa na joto. Akainama moja kwa moja kwenye trei ya betri, mahali ambapo tindikali hudondoka na kutu huanzia katika magari mengi ya aina hii, kisha akasoma namba ya chesisi na kutabasamu alipoona HS30, alama ya gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kuuzwa nje ya Japani. Mkobani alikuwa na kipande cha mpira wa maji, akakitega sikioni na kusikiliza pumzi ya kila kabureta, moja baada ya nyingine, hadi aliporidhika kwamba zote mbili zinavuta sawa. Tulizungumza juu ya ushindi wa Edgar Herrmann katika mbio za magari za Safari Rally za 1971, na juu ya zile za 1973, ambapo Shekhar Mehta akiwa na 240Z alilingana alama za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, ikabidi sare ivunjwe kwa kanuni. Nilifurahi mno. Laiti angeondoka wakati huo, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Hakuondoka. Alitoa sumaku iliyofungwa kitambaa akaanza kuipitisha ubavuni mwa gari, akilikagua kama mchuuzi anayefunua meno ya ng'ombe mnadani. Sumaku ni haki ya mnunuzi, na sikuwa na kinyongo nayo: hushika bati, lakini mahali palipojazwa puti nene, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, huanguka. Ilishika kila mahali. Fundi wa bodi aliyefanya kazi ile, mzee mwenye karakana karibu na Kirinyaga Road, alikuwa amesimama papo hapo, kwa kuwa nilimwomba aje ajibu maswali. Mgeni hakumsalimu. Aliniuliza mimi, mbele ya mzee, ni nani aliyegonga bodi, na nilipomwonyesha mwenyewe aliyeigonga, akasema bila kumtazama, "Kwa kazi ya jua kali, si mbaya," yaani kazi ya mafundi wa vibanda vya kando ya barabara.

Ni vyema msomaji aelewe kazi hiyo ilikuwa nini. Kingo za matao ya magurudumu ya nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu, na hakuna duka hapa mjini lililokuwa nazo. Mzee alikata bati, akachukua kipimo cha upande uliosalimika kwa karatasi ngumu, akagonga kwa nyundo ya mbao hadi mkunjo ukafuatana na ule mwingine, kisha akachomelea bila kuupinda mstari wa mlango. Isitoshe, magari ya Safari ambayo bwana huyu anayasifu yalikuwa yakichomelewa kando ya barabara, vumbini, na hakuna anayeyadharau kwa hilo.

Mzee alimwuliza tu, "Sumaku yako imeshika, kijana?"

"Imeshika."

"Basi."

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini neno hilo la jua kali lilirudi kwenye bei, likatumika kuipunguza. Nilipunguza kidogo, kwa ajili ya ule mpira wa maji, na sijui kama ningempunguzia mtu mwingine. Baadaye alitaka nianzishe maombi ya kuhamisha umiliki katika mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hajamaliza malipo, eti sisi wapenzi wa magari tunaaminiana. Nilikataa. Alinuna, akalipa, nami nikaanzisha maombi siku hiyohiyo.

Nikiwa mwadilifu, lazima nikiri kwamba gari limepata mtu anayeliweza. Halilali nje, haliendeshwi likiwa baridi kwa pupa, wala halitabeba maharusi. Kwa kipimo hicho ningemwuzia tena. Hata hivyo, wiki chache zilizopita nimesikia kutoka kwa watu wawili wasiofahamiana kwamba anawasimulia wenzake jinsi alivyolifufua yeye mwenyewe kutoka kwenye hali mbaya, na nilipopata habari hiyo nilifuta kila neno jema nililokuwa nimeandika hapa, kisha nikayarudisha machache kwa shingo upande.

Jambo moja halijakamilika. Vile vifuniko vya magurudumu vilivyokuja na gari kutoka kiwandani vilibaki gerejini kwangu siku ya makabidhiano, na sasa anapiga simu kila mara akivitaka. Ni vyake, amevilipia, wala sina nia ya kumdhulumu. Nimevipeleka kwenye karakana ya yule mzee, nikamwagiza asivitoe hadi mwenyewe afike, amsalimu, na aviombe.