Yara Birkeland: meli inayojiongoza, na swali la nani nahodha wake

Kati ya meli zinazojiongoza zilizotangazwa miaka hii, Yara Birkeland ya Norwe ndiyo inayostahili kupimwa kama huduma, kwa sababu imejengwa kubeba mzigo halisi kila wiki na si kwa ajili ya maonyesho. Ina urefu wa mita 80, inachukua makontena 120 ya futi 20, na kazi yake ni moja: kutoa mbolea katika kiwanda cha kampuni ya Yara kilichopo Herøya na kuifikisha bandari ya Brevik, ambako makontena huhamishiwa meli nyingine. Ilianza kazi ya biashara mwaka 2022 ikiwa bado na mabaharia wachache, ili mitambo yake ijaribiwe njiani na mamlaka za Norwe ziridhike kabla watu hawajashushwa.

Kwa upande wa faida, naisifu bila kusita. Inatumia betri pekee, na kampuni ilikadiria kwamba ingeondoa barabarani hadi safari 40,000 za malori ya dizeli kwa mwaka. Anayeishi kando ya barabara ya kuelekea bandarini anajua moshi, vumbi na ajali za malori mengi kiasi hicho. Mahali pa kuanzia pia palichaguliwa vizuri, kwani safari hiyo fupi yote imo ndani ya maji ya Norwe, chini ya bendera moja na sheria za nchi moja.

Ugumu unaanza pale meli ya aina hii itakapotaka kwenda bandari ya nchi nyingine. Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 inataka kila meli iwe chini ya nahodha na maofisa wenye sifa. Je, mtu aliyeketi mbele ya skrini nchi kavu ni nahodha? Na programu ikikosea, alipe nani: mwenye meli, mtengenezaji wa mitambo, au huyo wa kwenye skrini? Kanuni ya 5 ya kuzuia meli kugongana nayo inataka kila chombo kiangalie na kusikiliza muda wote. Kamera na vinasa sauti vinaweza kuhesabiwa kuwa macho na masikio, lakini kwa wavuvi walio ndani ya ngalawa ya mbao usiku, wenye karabai moja tu, jibu la suala hilo ni uhai wao.

Linalonisumbua zaidi ni ibara ya 98 ya mkataba huohuo wa Sheria ya Bahari, inayomtaka nahodha amwokoe aliye hatarini baharini. Kamera itamwona mtu aliyeng'ang'ania dumu majini, lakini nani atamtupia boya, nani atashusha ngazi ya kamba, na nani atamshika mkono akiwa hana nguvu ya kupanda? Kuita kikosi cha uokoaji hakutoshi ikiwa meli hiyo ndiyo iliyo karibu naye kuliko chombo kingine chochote.

Shirika la Bahari Duniani (IMO), ambalo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, lilimaliza mwaka 2021 kuikagua mikataba yake kuhusu meli zinazojiongoza na kukiri kwamba maana ya nahodha ni miongoni mwa mambo ya kutatuliwa kwanza. Kanuni za lazima za meli hizo zimepangwa kuanza kutumika mwaka 2032. Kwa sasa ningeikabidhi meli hii mzigo wangu ndani ya Norwe bila wasiwasi. Mzigo wa kuvuka mpaka ningeupakia tu ikiwa mkataba unamtaja nahodha anayewajibika, nchi iliyompa cheti, na bima iliyokubali kulipia kosa la programu.