Lenzi ya milimita 50 au ya 18–55 kwa mpiga picha wa Kigoma

Anayepiga picha kwa kujifurahisha hapa Kigoma mara nyingi huchagua kati ya lenzi ya kuvuta (zoom) ya milimita 18–55, inayouzwa pamoja na kamera, na lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga huwa kubwa). Mchana ya kwanza inafaa zaidi, kwani upana wa milimita 18 huiingiza meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, katika picha moja bila mpigaji kurudi nyuma sana.

Usiku mambo hugeuka. Wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao Kibirizi, lenzi ya kuvuta ikiwa kwenye milimita 55 hufunguka hadi f/5.6 tu, ilhali ile ya milimita 50 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, hata maji yanayong'aa kwenye vidole vya mvuvi anayefungua fundo la wavu yakaonekana bila picha kujaa chembechembe. Kwa kuwa ninaupenda sana mwanga huo wa ziwani, ningeanza na ya milimita 50, hata iliyotumika, mradi vioo vyake vimulikwe kwa tochi kwanza ili kuona kama vina kuvu.