Kikwembe (kitenge) gani kwa mwili gani: angalia ua litatua wapi kabla ya kulipa

Tangu kiangazi kiingie na ndoa kufuatana kila Jumamosi, malalamiko yanayonifikia kutoka Katuba, Kenya na Kampemba, mitaa yetu ya Lubumbashi, ni yale yale: kikwembe kilipendeza dukani, fundi ni yule wa siku zote, lakini nikivaa naonekana mnene. Mama mmoja alinitumia picha ya gauni aliloshona kwa harusi ya mdogo wake. Kitambaa ni kile cha sahani, yale maduara makubwa ya santuri, na sahani mbili zimetua juu ya makalio, moja huku, nyingine kule. Mshono ni safi, hauna kasoro. Gauni alilivaa mara ile moja tu.

Watu wanamlaumu fundi. Mimi nasema jambo hili liliharibika mezani pa muuzaji. Tunachagua rangi, tunasugua kwa kidole chenye maji tuone kama inachuja, tunapapasa unene. Hayo kila mama wa Lubumbashi anayajua na sitayarudia. Ambacho karibu hakuna anayekitazama ni ukubwa wa ua, na umbali kutoka ua hilo hadi pacha wake. Rangi inaweza kuwa nyeusi tii, ile inayosifiwa kwamba inapunguza mwili. Ua la shibiri mbili likikaa mahali pabaya, weusi hautakuokoa.

Kipimo ni mkono wako. Fungua kitambaa, weka kidole gumba katikati ya ua, hesabu shibiri mpaka ua kama hilo lijirudie. Chini ya shibiri moja, karibu mwili wowote utapendeza, hasa mwanamke mfupi, kwa sababu ua kubwa humkata vipande viwili. Kati ya shibiri moja na mbili, mwenye nyonga pana anunue tu kama maua yamepangwa kwenda juu na chini, si kwa mistari ya kulala. Zaidi ya shibiri mbili, waachie warefu wembamba, wanaohitaji kitambaa kiwajaze. Mwenye mabega mapana na nyonga nyembamba naye anaweza kukichukua, ila ua kubwa liende kwenye sketi na libaya, yaani blauzi, likatwe sehemu yenye maua madogo.

Kwa mwenye kifua kikubwa nina neno zaidi, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Mbele ya libaya hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Fundi akikunja kwenye nafasi iliyo kati ya maua mawili, kila titi linapata ua lake, na chumba kizima kitatazama hapo. Akikunja juu ya ua lenyewe, linakaa katikati ya kifua na yaliyobaki yanasogea kuelekea makwapani. Mkasi ni ule ule. Mwambie hivi: fundi, kunja juu ya ua. Simama hapo mpaka aweke pini. Na kama kitambaa kina ndege au kitu chochote chenye kichwa na miguu, uliza nyuma itakatwaje, maana anayetaka kubana kitambaa atakigeuza, na ndege wa mgongoni watapaa kuelekea chini.

Sasa mpangilio wangu wa vitambaa. Sifichi kwamba napenda Vlisco, ile ya Helmond, Uholanzi, inayotengeneza vitambaa tangu 1846. Naipenda kwa sababu katika vitambaa vyake nilivyopima, ua linarudi pale linapotakiwa kurudi, na kingo zimenyooka. Fundi anayejali anaweza kuoanisha ua la kushoto na la kulia bila kupigana na kitambaa.

Namba moja ni Java ya Vlisco. Hii si wax, haikupitishwa kwenye nta. Ni laini, michoro yake mingi ni midogo na imejaa, na inaanguka kufuata mwili bila kusimama kama karatasi. Mwenye tumbo, mwenye nyonga, mama aliyejifungua juzi, wote nawapeleka kwenye Java kwanza.

Namba mbili ni Super-Wax ya nyumba hiyo hiyo. Pamba yake ni nzuri zaidi kuliko ya wax ya kawaida na inashika umbo, kwa hiyo inampa kiuno asiye nacho. Ila michoro yake mingine ni mikubwa. Pima shibiri kabla hujaipenda.

Namba tatu ni Wax Hollandais, ile wax ya kawaida ya Vlisco. Rangi imeingia pande zote mbili, na hapo ndipo yalipo majina tunayoyajua: hibiskasi, bugi sita (plagi sita za injini), mbayuwayu. Mbayuwayu humpendeza karibu kila mtu. Hibiskasi ina maua mapana. Mwenye nyonga aishone bubu, lile gauni pana, asiishone sketi ya kubana.

Namba nne ni Woodin, chapa nyingine ya kundi la Vlisco, ukiipata, kwa gauni jepesi la kazini.

Hitarget, wax ya China, inatosha kwa kikwembe cha kufunga nyumbani. Kwa gauni la kushona naiweka mwisho.

Sasa wauzaji. Unawezaje kupima shibiri kwenye kitambaa kilichokunjwa kama kitabu na kufungwa plastiki? Madukani mjini wanakuonyesha kona moja tu, na ukiomba kifunguliwe unajibiwa kwamba ukifungua umenunua. Mimi hapo naaga. Mezani katika soko la Kenya na soko la Mzee Kabila nimepata akina mama wanaofungua kitambaa kizima, wanakushikia upande wa pili, na wanakwambia wenyewe: mama, hii itakupanua. Pesa yangu inabaki kwao.

Halafu yadi sita, yaani pyesi tatu. Mwanamke mdogo anayetaka gauni moja tu, pyesi mbili, yaani yadi nne, zinamtosha, lakini kitambaa kizuri anauziwa pyesi tatu au hauziwi. Mwenye mwili mkubwa aliyechagua ua kubwa, kinyume chake, zile tatu zinaweza kumpungukia, kwa sababu kuoanisha maua kunakula kitambaa. Na bei inatajwa kwa dola. Ukitoa faranga wanakupigia kwa kiwango chao, ukitoa dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha wanaikataa. Dola hiyo hiyo wakikurudishia wao, eti ni nzima!

Kinachonikera kuliko vyote ni kikwembe cha familia. Kamati ya harusi inakaa, inatazama rangi ya mapambo ya ukumbi, inaagiza kitambaa kimoja kwa tantini (shangazi) mwenye nyonga pana na kwa binti wa miaka kumi na saba mwembamba. Kama uko kwenye kamati hiyo, pendekeza ua la chini ya shibiri moja, rangi wachague wanayotaka. Kama hauko na kitambaa kimeshafika kikiwa na sahani, usikishone gauni. Shona libaya la rangi moja inayopatikana ndani ya kitambaa hicho, kikwembe ukifunge chini, na unapokifunga zungusha mpaka nafasi tupu ikae nyuma.