Kipimo cha oksijeni cha kidoleni baada ya UVIKO-19: kilichonifaa ni namba ya pili

Kifaa ninachokieleza hapa ni kile kipimo kidogo kinachobana ncha ya kidole mithili ya kibanio cha kuanikia nguo, ambacho kabla ya UVIKO-19 wengi wetu tulikuwa tukikiona hospitalini tu. Changu nilikinunua kwa shilingi 35,000 katika duka la vifaa tiba mjini Tanga. Nilikuwa nimeugua katikati ya mwaka 2021. Homa na kikohozi vilikwisha, lakini miezi ikapita pumzi haijarudi kama zamani, akili ikawa nzito, na kila nilipomaliza kipindi darasani nilikuwa nikiishikilia meza ili nisianguke mbele ya wanafunzi.

Nilichokitaka wakati ule ni kujua iwapo mapafu yangu yanaipatia damu hewa ya kutosha, na kwa hilo kifaa kilinijibu mapema. Skrini yake ina namba mbili. Ya kwanza, yenye alama ya SpO2, ni makadirio ya asilimia ya himoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) iliyobeba oksijeni, na kwa mtu mzima mwenye afya husoma kati ya 95 na 100. Yangu ilisoma 97 nikiwa nimekaa, na hata pale nilipojihisi kama mtu anayezama ilisoma 96. Lau ningeishia kwenye namba hiyo, ningekubaliana na mganga wa zahanati moja aliyeniangalia usoni na kusema, "Mwalimu, wewe una mawazo tu, kapumzike."

Namba ya pili, yenye alama ya PR, ni mapigo ya moyo kwa dakika, na hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nikiwa nimekaa ilikuwa 78. Nikisimama ubaoni kwa muda mfupi tu, bila kutembea wala kupandisha sauti, ilifika 118, nikikaa inashuka. Baadaye nilijifunza namna ya kupima jambo hili kwa utaratibu. Mtu hulala chali kwa muda hadi mapigo yatulie, akayaandika, kisha husimama akiegemea ukuta kwa dakika 10 bila kuchezesha miguu, huku akiyasoma kila dakika. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika hizo na kubaki juu, ilhali presha haijashuka, madaktari hufikiria hali waiitayo POTS, ambamo neva zinazoongoza moyo na mishipa ya damu hazifanyi kazi yake sawasawa mtu anaposimama, hivyo damu nyingi hubaki sehemu za chini za mwili na moyo hulazimika kukimbia ili kufidia. Hali hiyo imeonekana kwa baadhi ya waliougua UVIKO-19. Jaribio hili lisifanywe na mtu aliye peke yake, kwani wapo wanaozimia. Mimi mke wangu alisimama kando yangu, kiti kikiwa mkononi.

Daftari la namba hizo nilimpelekea daktari wa hospitali nyingine, na hapo mazungumzo yakabadilika. Hakuniuliza tena kuhusu mawazo. Alinipima presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, akapima umeme wa moyo, akaagiza kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi navyo huukimbiza moyo na kumchosha mtu vilevile. Kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha sababu hizo, na anayekitumia kujitangazia ugonjwa amekipa kazi isiyo yake. Nilichopata mwishoni ni maelekezo, si tiba: kunywa maji zaidi, kuinuka kitandani kwa hatua, na kufundisha nikiwa nimekalia stuli ndefu, jambo ambalo mkuu wa shule alilikubali baada ya kuyaona maandishi ya daktari.

Kuhusu usahihi wa namba ya oksijeni, sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kujua ambalo kikaratasi cha maelekezo hakikulitaja. Kifaa hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho katikati ya kidole, kisha hukadiria oksijeni kwa kulinganisha kiasi kinachonyonywa na damu inayodunda. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikikitafuta kifaa chake. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu ya wazungu wa kusomewa oksijeni nzuri ilhali damu yao, ilipopimwa maabara, ilikuwa na upungufu. Kwa hiyo hata ikinisomea 95 siichukulii kuwa ahadi. Hutazama zaidi kama namba inashuka kutoka pale ilipozoea kukaa, na ikibaki 92 au chini yake, habari za kujipima nyumbani zinakuwa zimekwisha. Hapo ni hospitali.

Kifaa kina ukorofi wake mwingine. Vidole vikiwa vya baridi husoma ovyo, jua kali likikipiga hubabaika, na ndani ya daladala hakifai kabisa. Shangazi yangu alipotoka harusini akiwa na piko nyeusi kwenye kucha zote, hakikumsomea chochote hadi tulipokibana kidole ubavuni. Kifuniko cha betri cha changu kililegea mapema, nami nimekifunga kwa gundi ya karatasi. Betri ni zile mbili ndogo za rimoti, nazo hudumu.

Ipo pia sehemu ya maradhi haya ambayo hakiigusi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika ufafanuzi wake wa Oktoba 2021, linaitambua hali ya baada ya UVIKO-19 kuwa ile inayoonekana kwa kawaida miezi mitatu tangu maambukizi, ikadumu angalau miezi miwili, na isielezeke kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kukosa pumzi na kupungua kwa umakini ndizo dalili zinazotajwa sana. Uchovu wangu huja kwa kuchelewa. Nikisahihisha mitihani na kwenda msibani siku moja, jioni namba zote mbili huwa nzuri, na kesho yake au keshokutwa siwezi hata kukunja shuka. Wapo waliokuwa wakinihimiza nifanye mazoezi ili nirudishe nguvu, kwa nia njema, lakini kwa mwenye uchovu wa namna hii kujilazimisha huweza kumzidishia. Kwa upande huo daftari la kawaida la kuandikia nilichofanya jana limenisaidia kuliko kifaa chochote.

Kwa ujumla ningekinunua tena, ila si kwa bei zile za juu ambazo wauzaji wengine hutaja kwa sababu tu ya kioo chenye rangi nyingi. Kinachofaa kuangaliwa ni kama skrini inaonyesha mawimbi au mstari unaopanda na kushuka pamoja na mapigo, kwa maana mstari huo ukiyumbayumba namba haziaminiki. Kabla ya kulipa, kibane kidoleni mwako ukiwa umetulia, uhesabu mapigo ya mkono wako kwa dakika nzima ukitazama saa, kisha umwombe muuzaji naye aweke kidole chake. Kama mapigo uliyohesabu na yale ya kwenye skrini yanapishana sana, mrudishie kifaa chake.