Uzoefu wangu na ulinganishaji wa miondoko kwenye gemu

Kwa mhusika anayetembea na kukimbia kwa kufuata padi, sijaona njia inayoushinda ulinganishaji wa miondoko (motion matching). Hakuna tena kuchora mishale ya kumhamisha mhusika kutoka "simama" hadi "tembea" hadi "kimbia". Mfumo unapekua rekodi zote za miondoko ya waigizaji na kuchagua fremu (picha moja ya mwendo) inayokaribiana zaidi na jinsi mwili ulivyo sasa na njia anayoitaka mchezaji. Simon Clavet wa kampuni ya gemu ya Ubisoft aliueleza kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, mwaka 2016 kupitia gemu ya For Honor, na toleo la mitandao ya nyuroni likaonyeshwa kwenye SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, mwaka 2020 na Daniel Holden na wenzake. Nimeyatumia yote mawili, na ningemshauri yeyote aanze na lile la kwanza.

Kila fremu hupewa namba 27. Kati ya hizo, 12 ni za njia ijayo: mahali na mwelekeo wa mhusika baada ya fremu 20, 40 na 60, gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde. Nyingine 12 ni mahali na kasi ya nyayo mbili, na 3 ni kasi ya nyonga. Kila kundi lazima lisawazishwe kwa kugawanywa na mtawanyiko wake, yaani kiasi namba zake zinavyotofautiana. Ukiruka hatua hiyo, mita za njia zinazimeza sentimita za nyayo: mhusika anafika anakotakiwa, lakini miguu inabadilishana ovyo njiani. Uzito wa kila kundi kwenye ulinganisho ulionifaa ni 0.75 kwa mahali pa nyayo, 1.5 kwa mwelekeo wa njia, na 1 kwa vingine vyote.

Upekuzi ufanyike kila sekunde 0.1, na papo hapo mchezaji anapogeuza padi ghafla. Ukipekua kila fremu, fremu mbili zenye alama karibu sawa zinaanza kuvutana na mhusika aliyesimama anatetemeka. Zitenge pia fremu 20 za mwisho za kila rekodi, la sivyo unaangukia mwisho wa rekodi na kulazimika kuruka kwenda fremu nyingine mara moja.

Wakati wa kuruka kutoka fremu moja hadi nyingine, usichanganye miondoko miwili. Pima tofauti ya kila kiungo, mzunguko na kasi yake, kisha iache ififie hadi nusu kila sekunde 0.1. Mbinu hii David Bollo aliiwasilisha GDC mwaka 2018, na ni nafuu kwa prosesa kwa sababu unakokotoa pozi (mkao wa mwili) moja tu. Ukipandisha muda huo hadi 0.3, hatua zinalegea na mhusika anaonekana kama anaelea.

Kuteleza kwa miguu ndiko kunakokula muda, na mara nyingi kosa si la upekuzi hata kidogo. Tuseme mwigizaji alikimbia mita 4 kwa sekunde, nawe umeipa kapsuli, umbo sahili linalombeba mhusika ndani ya gemu, mita 5.5. Fremu ya kasi hiyo haipo, kwa hiyo unaletewa ya mita 4, na ile 1.5 iliyopungua inakuwa mtelezo. Pima kwanza kasi zilizomo kwenye rekodi, ndipo upange za gemu. Baadaye ufunge nyayo: kidole cha mguu kikiwa chini ya mita 0.15 kwa sekunde, kihesabu kuwa kimekanyaga, kishike pale pale, upinde goti kukifuata. Kiachie pale kidole cha kwenye rekodi kikiwa zaidi ya mita 0.2 kutoka pale ulipokishika. Usipoachia, mguu unavutika kama mpira.

Kujifunzia, LAFAN1, mkusanyiko wa rekodi za miondoko wa Ubisoft, inatosha: rekodi 77, waigizaji 5, fremu 496,672 kwa kasi ya fremu 30, yaani karibu saa 4.6. Leseni yake hairuhusu biashara. Usiimwage yote kwenye mfumo. Chagua kutembea, kukimbia, kuanza, kusimama na kugeuka, kisha igeuze kulia-kushoto ili uipate mara mbili. Na ukate ncha za rekodi bila huruma: mwigizaji aliyejikuna kichwa baada ya kusimama atajikuna kila mchezaji anapoachia padi.

Kumbukumbu ndiyo hoja ya toleo la nyuroni. Dakika 10 kwa fremu 60 ni fremu 36,000. Namba za kulinganishia zinachukua megabaiti 4 hivi tu, ila pozi zenyewe, kwa mifupa 22 pamoja na kasi zake bila kubanwa, zinafika 41. Mitandao mitatu inachukua nafasi ya hayo yote: mmoja unafumua pozi, mmoja unasogeza fremu mbele, mmoja unafanya kazi ya upekuzi. Ukubwa wake haukui rekodi zikiongezeka. Gharama yake ni kwamba ukikata rekodi moja, unafunza upya kwa saa kadhaa, na miondoko midogo ya mikono inapoteza ukali. Maliza kusafisha rekodi ukiwa bado kwenye toleo la kawaida, ambako fremu mbaya unaweza kuisoma namba yake na kuiondoa palepale.