Ngisi wa chumvi au kijiko cha chuma? Uzoefu wangu kwenye mwamba wa Jambiani

Anayevua kwa miguu kwenye mwamba wa mashariki ya Unguja, maji yakiwa magotini au kiunoni, ajue kwanza kama maji yanakupwa au yanajaa, kisha ndiyo achague chambo. Nimevua hapa Jambiani kwa chambo halisi na kwa chambo bandia, na kila kimoja kina saa yake.

Katika chambo halisi, ngisi wa chumvi hana mpinzani. Kamba wa baharini naye samaki wanampenda, lakini hadumu: visamaki vya mwambani vinamdonoa na ukivuta mshipi unakuta ndoana tupu. Ngisi namkata vipande vyembamba vya urefu wa kidole, namtia chumvi ya mawe na kumlaza usiku kucha kwenye chujio ili maji yachuruzike. Asubuhi nyama imekaza kama mpira. Ndoana naipitisha kwenye ncha moja tu ya kipande, upande wa pili nauacha uchezecheze majini. Changu, chaa na mkundaji wanaufuata kwa harufu hata kusi likiwa limetibua mchanga na huoni vidole vya miguu yako. Chubwi zito liache nyumbani. Likiingia kwenye upenyo wa mwamba halitoki, unakata mshipi. Punje moja ndogo ya risasi inatosha, na maji yakitulia hata hiyo siitii.

Ubaya wa ngisi ni kwamba hachagui mgeni. Kikande anakuja, bunju anakuja, na vitoto vya changu vinameza ndoana mpaka tumboni. Kinachonisikitisha zaidi ni hivyo vitoto, maana samaki aliyemeza ndoana ukimrudisha majini mara nyingi haponi.

Kijiko cha chuma, yaani chambo bandia chenye umbo la kijiko, kimenipa furaha ya namna nyingine. Natumia cha gramu 10 hadi 14, rangi ya fedha. Ile ndoana ya meno matatu inayokuja nacho naitoa, naweka ya jino moja na kuibana kwa koleo kikulabu chake, kile kijino kinachozuia ndoana kutoka. Hapo hakinasi ovyo kwenye matumbawe, na samaki mdogo ndoana inamtoka mdomoni bila kumchana. Saa yake ni maji yanapoanza kujaa, kama saa mbili za mwanzo, kolekole wanapopanda mwamba kuwafuata mkizi na chuchunge. Ukiona chuchunge wanaruka kwa pamoja, tupa mbele yao na uvute haraka, bila kusita. Nimemwona kolekole akikifuata kijiko mpaka karibu na miguu yangu, nikaongeza mwendo, naye akakivamia hapo hapo. Ukipunguza mwendo anageuka, na kijiko kinazama kwenye jiwe.

Maji yakichafuka, kijiko hakina kazi. Samaki hakioni na harufu hakina. Kuna vyambo bandia vingine. Vile vyenye ulimi wa mbele unaovizamisha vikivutwa sivipendekezi kabisa kwenye kina hiki, ni vya mtu mwenye boti nje ya mwamba. Vya mpira laini vinavutia dukani, lakini bunju akipita anakata mkia safi kama kwa mkasi, na pesa yako imekwenda. Cha kuelea ni kizuri alfajiri pakiwa shwari, hasa penye majani, kwa kuwa hakigusi chini. Ila kaa mbali na kamba za mwani. Zile ni jasho la kina mama, na ndoana moja ikinasa pale unawaharibia kazi.

Kwa upande wa mfuko, kijiko kimoja ni ghali kuliko ngisi wa kuvulia asubuhi nzima kutoka dikoni, na kinaweza kupotea kwa mtupo wa kwanza. Kwa hiyo anayetafuta kitoweo ninamshauri ngisi. Anayetaka samaki mmoja wa kupigana naye, achukue kijiko. Mimi nashuka na vyote: ngisi maji yanapomalizia kupwa, nikikaa kwenye vidimbwi vya pembeni, halafu kijiko maji yakigeuka.

Vaa viatu na uburute nyayo mchangani, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujilaza humo. Na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, usivutwe na samaki ukabaki nje: mkondo ulio kati yako na pwani unajaa kabla ya pale uliposimama, kwa hiyo maji yakifika mapajani, kunja mshipi urudi.