Mtungi wa gesi wa kilo ngapi unaifaa nyumba yako hapa Dodoma?

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay haijafika kwa bomba majikoni mwetu hapa Dodoma, kwa hiyo anayeachana na mkaa hununua gesi ya mtungi, na swali la kwanza dukani huwa ni kilo ngapi. Wengi hulijibu kwa kutazama pochi. Mimi ningeanza na jiko: kichomeo cha kawaida cha nyumbani, moto ukiwa mkubwa, hula takriban gramu 200 kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni kama saa 30 za kupika na kilo 15 ni kama saa 75.

Kwa familia ya watu wanne hadi sita, inayosonga ugali kila siku na kuchemsha maharage mara mbili tatu kwa wiki, mtungi wa kilo 15 ndio wa kwanza. Ukiwasha saa mbili kwa siku, unavuka mwezi. Kasoro yake ni uzito, kwani ukijaa unakaribia kilo 30, na anayeishi ghorofani atahitaji msaada wa kuupandisha.

Nafasi ya pili ni kilo 6, kwa mwanafunzi wa UDOM aliyepanga chumba kimoja au mtu anayekula nyumbani usiku tu. Hubebeka kwa bodaboda. Mimi niliushikilia hata baada ya kupata watoto wawili, hadi uliponizimikia Jumapili jioni, maharage yakiwa nusu mbichi na duka la jirani limefungwa. Sasa ni wa akiba.

Kilo 38 naushusha nafasi ya tatu kwa nyumba, lakini kwa mama lishe wa Majengo au Sabasaba hauna mpinzani, na sababu si wingi wa gesi peke yake. Gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na inapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma chenyewe. Ukifunga jiko kubwa la kukaangia chipsi kwenye mtungi mdogo, utauona ukitoka jasho, kisha utando mweupe wa barafu ukitanda upande wa chini, na moto ukinywea ilhali gesi bado imo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu inapouma, hali hiyo huja mapema zaidi. Usiulaze wala kuumwagia maji ya moto, nunua mkubwa.

Ukubwa wowote utakaouchagua, dai upimwe mbele yako, kwa kuwa muuzaji anatakiwa kuwa na mizani na lakiri iliyo kamili haithibitishi ujazo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe: ukisoma 7.4 kwenye mtungi wa kilo 6, mizani isome 13.4. Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kabla ya kuwasha kiberiti.